Kufundisha Vipimo vya Mapishi kwa Kompyuta Darasani: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu

Walimu wengi waliojaribu kutumia programu za kompyuta kufundisha vipimo vya mapishi hurudi na lalamiko lile lile: wanafunzi wanashinda kila ngazi ya mchezo wa mizani kwenye skrini, lakini wakipewa bakuli na unga wanakanda uji badala ya donge la chapati. Programu yenyewe huwa haina tatizo. Tatizo ni mpangilio wa somo. Skrini huwekwa mwanzo, mkono huwekwa mwisho, na hakuna kinachoviunganisha.

Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine. Mwanafunzi anapima kwa mkono kwanza, anakwenda kwenye kompyuta akiwa na namba zake mwenyewe, kisha anarudi kwenye bakuli na kadirio lililoandikwa ambalo matokeo yatalithibitisha au kulikanusha. Tutatumia chapati, kwa sababu chapati haifichi kosa la kipimo: maji yakizidi kidogo tu, mikono ya mkandaji itakuambia kabla ya mizani.

Mfano wetu ni darasa la wanafunzi 40 wa darasa la tano au la sita, waliogawanywa katika makundi 8 ya watu watano. Idadi yako ikiwa tofauti, utaibadilisha katika Hatua ya Tano.

## Vitu vya kuandaa

Vifaa vya kupimia:

- Mizani moja ya jikoni ya kidijiti inayosoma gramu moja moja. Mbili ni bora zaidi, kwa sababu makundi 8 yakisubiri mizani moja, nusu ya kipindi itapotea kwenye foleni.
- Jagi lenye mistari ya mililita.
- Seti ya vijiko vya kupimia: kijiko cha mezani (ml 15), cha chai (ml 5), nusu na robo ya kijiko cha chai.
- Vikombe na vijiko vya kawaida kutoka nyumbani, vya aina mbalimbali. Usiviache, kwa maana ndivyo wanafunzi wanavyovitumia wakiwa kwao.

Vifaa vya kompyuta:

- Kompyuta moja na projekta, au vishikwambi vichache. Vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 nchini Tanzania na baadaye kugawiwa kwa walimu vinaweza kutumika, na pia tableti zilizosambazwa katika shule za msingi za umma nchini Kenya kuanzia 2016, mradi bado zinawaka na kushika chaji.
- Programu tatu za bure: GCompris (michezo ya kujifunzia ya watoto), maigizo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder (majaribio ya kuigiza kwenye skrini), na LibreOffice Calc (programu ya majedwali ya hesabu).
- Flashi ya kubebea programu hizo.

Viambato kwa makundi yote 8: unga wa ngano kilo 3, chumvi, na mafuta ya kupikia lita moja, ambayo yatatosha kwa donge na kwa kuchomea. Nunua unga kilo moja ya ziada, kwa sababu kundi litakalokosea litahitaji kurudia.

Uliza mapema kama kuna mtoto anayedhurika na ngano. Ikiwa shule yako ina wanafunzi wanaofunga, usipange hatua ya kupika katika mwezi wa Ramadhani. Hatua za kupima na za kompyuta zinaweza kuendelea bila shida.

## Hatua ya Kwanza: Wanafunzi wapime vikombe vyao wenyewe

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayobeba zote zinazofuata. Itengee kipindi kizima.

Weka kikombe kitupu juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, kisha mimina maji mpaka kikombe kijae. Soma gramu. Kwa kuwa mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja hivi, namba hiyo ndiyo ujazo wa kikombe kwa mililita. Kila kundi lipime vikombe vitatu tofauti na kuandika matokeo ubaoni.

Hapo darasa litaona kwamba kikombe cha kwa kina Asha na kikombe cha kwa kina Juma si kipimo kimoja, hata kama kila mama husema "vikombe viwili vya unga." Waeleze pia kwamba mapishi wanayoyasoma kwenye intaneti yana utata huo huo: kikombe cha Marekani ni mililita 237 hivi, ilhali nchi nyingi zinazotumia mfumo wa metriki huhesabu 250.

Kisha fanya jaribio la pili kwa kikombe kimoja tu. Kijaze unga kwa njia mbili: kwanza kwa kuumimina unga kidogo kidogo kwa kijiko na kuufuta juu kwa mgongo wa kisu, halafu kwa kukizamisha kikombe ndani ya unga na kushindilia. Pima kila mara. Kikombe cha ml 250 kikijazwa kwa kumimina huwa na unga wa gramu 125 hadi 130 hivi, na kikishindiliwa huweza kupita gramu 150. Mwisho, kijaze sukari, na hapo mizani itapita gramu 200.

Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho yake hatauliza tena kwa nini kompyuta inataka gramu za unga wakati yeye ana kikombe. Asiyeliona atakariri kwamba kikombe ni gramu 250, na ataibeba namba hiyo mpaka jikoni.

Tahadhari: Kwa kiasi kidogo sana, kama chumvi ya gramu tatu au nne, mizani ya kawaida ya jikoni haiaminiki. Tumia kijiko cha kupimia kilichofutwa juu. Kwa maji ndani ya jagi, jagi likae mezani na jicho lishuke mpaka usawa wa mstari, kwa sababu anayesoma kutoka juu akiwa amelinyanyua jagi mkononi hupata namba tofauti kila mara.

Utajua umefanikiwa pale kundi lolote litakapoweza kujibu, bila kuangalia daftari, ni kipi kizito kati ya kikombe cha unga na kikombe cha sukari, na kwa nini.

## Hatua ya Pili: Sakinisha programu na uzijaribu bila intaneti

Fanya kazi hii siku kadhaa kabla ya somo. GCompris inapatikana kwa Windows, Linux, macOS na Android, nayo ikishasakinishwa haihitaji mtandao. Igizo la PhET tutakalotumia lina kitufe cha kupakua ambacho hukupa faili moja linalofunguka katika kivinjari. Lipakue mara moja, kisha ulinakili kwa flashi kwenye kompyuta zote. Baadhi ya maigizo hayo yametafsiriwa kwa Kiswahili, kwa hiyo angalia orodha ya lugha kabla ya kupakua. LibreOffice husakinishwa kwenye kompyuta kwa njia ya kawaida. Kwa kishikwambi cha Android tumia Google Sheets au Excel, kwani fomula za hapa chini zinafanya kazi humo pia.

Baada ya kumaliza, zima data na Wi-Fi, uwashe upya kifaa na ufungue programu zote tatu. Ile ambayo haikufunguka katika hali hiyo haitafunguka darasani.

Chaji vifaa vyote usiku wa kuamkia somo, na uchapishe nakala moja ya jedwali la Hatua ya Tano kwenye karatasi. Umeme ukikatika, somo litaendelea kwa karatasi na kikokotoo.

## Hatua ya Tatu: Mchezo wa mizani

Fungua GCompris, nenda sehemu ya hisabati, kisha kwenye michezo ya vipimo, na uchague mchezo wa kusawazisha mizani unaotumia gramu na kilo. Upo mwingine unaofanana nao unaotumia aunsi na pauni. Huo usiufungue, kwa kuwa utaongeza mkanganyiko usio na faida yoyote kwa mtoto anayenunua unga kwa kilo.

Kazi ya mchezo huu ni moja: kumzoesha mwanafunzi kujenga uzito fulani kutokana na vipande, na kuvuka kutoka gramu kwenda kilo bila kusita. Dakika 15 kwa kila kundi zinatosha. Walimu wanaouacha uendelee kipindi kizima hupata wanafunzi hodari wa mchezo, na hilo silo tunalotafuta.

Ili mchezo usijitenge na jikoni, mwanafunzi mmoja wa kila kundi aandike kila uzito waliousawazisha, na mbele yake aandike kitu cha jikoni chenye uzito unaokaribiana nao kutokana na vipimo vya Hatua ya Kwanza. Gramu 200, kwa mfano, ni kama kikombe kile cha sukari.

## Hatua ya Nne: Sehemu ndani ya kijiko

Igizo la PhET liitwalo "Fractions: Intro" humwezesha mwanafunzi kujaza vipande vya duara, vya keki au vya chombo cha maji, huku sehemu ikiandikwa kwa tarakimu pembeni. Chagua picha ya chombo cha maji, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na kijiko na kikombe.

Wape maswali matatu tu, yote yakitokana na chapati zitakazopikwa: robo tatu inapatikanaje kwa nusu na robo? Moja na nusu inajaza vyombo vingapi? Robo ngapi zinafanya moja na nusu? Kisha, palepale, wachukue vijiko vya kupimia na maji, na waoneshe jibu la kwanza kwa mkono: nusu kijiko cha chai na robo kijiko cha chai ndani ya kikombe kimoja.

Usiondoke kwenye hatua hii ikiwa kuna mwanafunzi anayedhani robo ni kubwa kuliko nusu kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili. Kosa hilo limeenea, na likifika jikoni huonekana kama chumvi iliyozidi.

## Hatua ya Tano: Jedwali la mapishi

Hapa ndipo kompyuta inapofanya kazi ambayo karatasi haiwezi kuifanya kwa urahisi: kubadilisha idadi ya chapati na kuona viambato vyote vikibadilika kwa pamoja. Hapa pia ndipo wasomaji wengi hukwama, hivyo tutakwenda polepole.

Mapishi yetu ya msingi hutoa chapati 8: unga g 500, maji ya uvuguvugu ml 300, chumvi kijiko cha chai 1, na mafuta vijiko vya mezani 2. Kila kundi litatengeneza chapati 6, yaani moja kwa kila mwanafunzi na moja ya mwalimu kuonja.

Fungua Calc na uandike hivi:

- Seli A1: Chapati za mapishi. Seli B1: 8
- Seli A2: Chapati tunazotaka. Seli B2: 6
- Safumlalo ya 4, vichwa vya habari: Kiambato, Kiasi cha awali, Kipimo, Kiasi kipya, Tulichopima, Tofauti
- Safumlalo ya 5: Unga, 500, g
- Safumlalo ya 6: Maji, 300, ml
- Safumlalo ya 7: Chumvi, 1, kijiko cha chai
- Safumlalo ya 8: Mafuta, 2, kijiko cha mezani

Katika seli D5 andika fomula hii:

=B5*$B$2/$B$1

Iburute chini mpaka D8. Alama za dola huiambia programu isihame kutoka B1 na B2 fomula inaponakiliwa. Ukizisahau, safumlalo ya maji itazidisha kwa B3 iliyo tupu na kugawanya kwa B2, hivyo itatoa 0, na safumlalo za chumvi na mafuta zitatoa #VALUE!.

Katika F5 andika fomula ya tofauti, iburute vilevile, na uipe safuwima hiyo muundo wa asilimia:

=(E5-D5)/D5

Safuwima ya F itaonesha -100% mpaka E ijazwe. Waeleze wanafunzi mapema ili wasidhani wameharibu kitu.

Makosa mawili yanarudi kila mara. La kwanza ni kuandika "500g" ndani ya seli moja. Kwa programu hayo ni maneno, si namba, na fomula itatoa #VALUE!. Namba ikae peke yake katika B na kipimo kikae katika C. La pili ni kutumia mkato mahali pa nukta, au nukta mahali pa mkato, katika desimali, kwa kuwa hilo hutegemea lugha iliyowekwa kwenye kompyuta. Andika 0.75 katika seli tupu. Ikijipanga upande wa kulia ni namba, na ikibaki kushoto ni maneno, hivyo badilisha alama.

Sasa lipime jedwali lenyewe kabla ya kuliamini. Weka 8 katika B2: safuwima ya D lazima ifanane na B. Weka 16: kila kitu lazima kiwe mara mbili. Rudisha 6, na utapata unga 375, maji 225, chumvi 0.75 na mafuta 1.5. Wafanye wanafunzi wenyewe jaribio hili, kwa sababu tabia ya kuihoji kompyuta kwa mfano wenye jibu linalojulikana itawafaa kuliko mapishi yoyote tutakayowafundisha.

Kabla hawajaona safuwima ya D, kila mwanafunzi aandike kwenye daftari kadirio lake: unga utakuwa zaidi au pungufu ya g 400? Chumvi itazidi kijiko au itapungua? Kadirio likishaandikwa halifutwi. Bila hatua hii ndogo, mwanafunzi hunakili namba ya kompyuta hata ikiwa ni gramu 3,750, na hashtuki.

Utajua umefanikiwa ukilitia jedwali kosa kwa makusudi, kwa mfano kwa kubadilisha B1 kuwa 80, na wanafunzi wakapiga kelele kabla hujawauliza.

## Hatua ya Sita: Kutoka jedwali hadi bakuli

Tumia vipindi viwili vinavyofuatana. Meza ya kompyuta ikae mbali na meza ya unga, na kila kundi liwe na karani mmoja mwenye mikono safi ambaye peke yake hugusa kibodi au kishikwambi. Wengine wanne ni mpimaji, mkaguzi, mkandaji na msafishaji. Mkaguzi husoma mizani kwa sauti baada ya mpimaji, na namba zikitofautiana wanapima upya. Ifunike mizani kwa mfuko mwembamba wa plastiki unaoonesha ndani.

Mpangilio wa kupima:

1. Weka bakuli juu ya mizani na urudishe sifuri. Mimina unga polepole mpaka 375. Karani aandike namba halisi katika E5, hata kama ni 381. Kumlazimisha mtoto aandike 375 wakati mizani inasema 381 ni kumfundisha kughushi vipimo.
2. Ongeza chumvi: nusu kijiko cha chai na robo.
3. Ongeza mafuta: kijiko cha mezani kimoja, kisha kijiko cha chai kimoja na nusu, kwa kuwa vijiko vitatu vya chai hufanya kimoja cha mezani. Changanya kwa vidole mpaka unga ushikane kidogo.
4. Pima maji ml 225 ndani ya jagi, lakini usiyamimine yote. Tia kama theluthi mbili, kanda, kisha ongeza kidogo kidogo.

Hatua hiyo ya nne inahitaji maelezo kwa wanafunzi, kwa sababu wameambiwa kwamba namba ya jedwali ni sahihi na sasa wanaambiwa wasiimimine yote. Unga hutofautiana: wa atta (unga wa ngano usiokobolewa) hunywa maji mengi kuliko mweupe, na hata pakiti mbili za unga mweupe huenda zisifanane. Jedwali linatoa mahali pa kuanzia, na mkono unamalizia. Maji yaliyobaki katika jagi yapimwe, na kiasi kilichotumika kiandikwe katika E6.

Wakishakanda kwa dakika 10 hivi, kila kundi lipime donge lake. Jumla ya viambato ni gramu 625 hivi, yaani unga 375, maji 225, mafuta karibu 20 na chumvi karibu 4 au 5. Donge likiwa pungufu kwa gramu 10 au 15, hayo ni mabaki ya vidoleni na kwenye bakuli. Likipungua kwa 50, kuna kiambato kilichosahauliwa au kupimwa vibaya, na kundi lifuatilie ni kipi.

Funika donge kwa kitambaa kibichi kwa dakika 30. Kisha wakate vipande 6 na kupima kila kimoja, wakilenga g 104 hivi. Unaweza kuwauliza namba hiyo imetoka wapi kabla ya kuwaruhusu kugusa mizani.

Tahadhari: Wasionje unga mbichi wala donge. Unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu vinavyouawa na moto tu.

Utajua umefanikiwa donge likiwa laini, haling'ang'anii vidoleni, na likibonyezwa linarudi polepole.

## Hatua ya Saba: Moto

Kusukuma chapati kwa kibao na mti wa kusukumia ni kazi ya wanafunzi. Moto ni wa mwalimu na msaidizi mmoja mtu mzima, bila ubaguzi wowote. Tumia jiko la gesi mahali penye hewa. Usiwashe mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na harufu. Chora mstari wa chaki mita mbili kutoka jikoni, na mwanafunzi yeyote asiuvuke.

Mkaguzi wa kila kundi apime muda kwa saa: sekunde ngapi upande wa kwanza mpaka madoa ya kahawia yatokee, na ngapi upande wa pili. Waandike muda wa chapati ya kwanza na wa ya sita. Kikaango kinavyozidi kupata moto muda hupungua, na wao wenyewe watasema kwa nini moto unapaswa kupunguzwa.

## Hatua ya Nane: Kusoma safuwima ya tofauti

Rudini kwenye jedwali siku inayofuata, chapati zikiwa bado midomoni mwa mazungumzo ya darasa. Onesha safuwima ya F ya makundi yote kwa projekta na uyalinganishe na yaliyoonekana kwenye donge: kundi lililotumia maji zaidi kwa asilimia 10 lilipata nini? Kundi ambalo chumvi yake ilizidi lilionja nini?

Kwa tathmini, usitumie chapati tena. Toa mapishi mapya, kwa mfano wali wa watu watatu unaopikwa kwa kikombe kimoja cha mchele na viwili vya maji, na uwatake wapange wa watu 15 wakitumia kikombe kimoja cha nyumbani, bila kompyuta. Wakishaandika majibu, wajenge jedwali lao wenyewe kuyathibitisha. Kisha kila mmoja apime mchele na maji ya kikombe kimoja mbele yako.

Kwa unga, mchele na maji, tofauti isiyozidi asilimia 5 ni nzuri kwa umri huu. Anayekosea hesabu arudi Hatua ya Tano. Anayepatia hesabu lakini vipimo vyake vinayumba arudi Hatua ya Kwanza na kikombe chake, si kwenye mchezo wa mizani, kwa sababu shida yake iko katika namna anavyochota.